Kuingiza Hodhi la Kuogea Mahali Palipo Finyu

Leo napenda kuwaeleza habari za kazi moja ya nyumbani ambayo yaonekana ndogo, nayo imewatia watu wengi hasara. Ni kazi ya kuondoa hodhi la kuogea lililochakaa na kuweka jipya mahali pake, pale ambapo nafasi ni finyu. Hodhi ninalolisema ni kile chombo kirefu ambacho mtu hukijaza maji akaketi ndani yake; wengine hukiita bafu, wengine birika la kuogea. Mimi nitaliita hodhi tangu mwanzo hata mwisho, ili tusichanganyikiwe.

Labda mtu aliye kijijini atasema, “Mimi naoga kwa ndoo na kata, hodhi lanihusu nini?” Jibu ni kwamba yamhusu sana. Mwanawe huenda akawa fundi wa mabomba au mwashi. Tena, akili itakiwayo katika kazi hii ndiyo ile ile ya kuingiza kitanda katika chumba chembamba, au kabati katika nyumba yenye mlango mdogo. Anayejua kupima hodhi ajua kupima vyote.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mama yangu alikuwa na maumivu ya viungo, naye alipata nafuu kila alipokaa katika maji ya moto. Hodhi la nyumba yetu lilikuwa limeliwa na kutu karibu na tundu la kutolea maji, hata likavuja. Nikaweka akiba miezi mingi. Nikapima hodhi la zamani, nikaona lina futi 5 na inchi 6, nikaenda dukani nikaomba la kipimo hicho. Muuzaji akanionyesha hodhi la milimita 1,700, akasema, “Ni lile lile, Mwalimu, ila sasa twatumia vipimo vya meta.” Nikaamini, nikalipa. Lilipofika nyumbani halikuingia. Dukani wakakataa kulirudisha, na hodhi likakaa barazani siku tisa, mpaka kuku akataga yai ndani yake. Mama akaendelea kukandwa kwa kitambaa.

Mwisho nikamwita fundi mzee ajulikanaye kwa uangalifu wake.

“Shikamoo, mzee,” nikamwambia.

“Marahaba, Mwalimu. Hodhi la zamani ulilipima?”

“Nililipima.”

“Na kuta je?”

Nikanyamaza. Nami ndiye niwafundishaye wengine hesabu! Basi mengi nitakayowaeleza leo ni yale aliyonifundisha mzee yule, pamoja na hesabu niliyoifanya baadaye ili nijue sababu zake.

Kwanza tuangalie kosa langu. Mwaka 1959 nchi kadhaa zinazosema Kiingereza zilikubaliana kwamba inchi moja iwe milimita 25.4 kamili. Futi 5 na inchi 6 ni inchi 66. Ukizidisha 66 kwa 25.4 utapata milimita 1,676 na kidogo. Nalo hodhi jipya lilikuwa la milimita 1,700. Tofauti ni milimita 24 hivi, yaani kama upana wa kidole gumba. Uingereza ilianza kuhamia vipimo vya meta mwaka 1965, na mahodhi ya milimita 1,700 kwa 700 yakawa ya kawaida kwa watengenezaji wake. Lakini kuta za nyumba zilizojengwa kabla ya hapo hazikuhama. Nyumba nyingi za mawe zilizojengwa Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza zilifuata vipimo vya futi na inchi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba vipimo viwili ni “karibu sawa”, na aulize: karibu kwa kiasi gani? Katika nafasi iliyozungukwa na kuta tatu, upana wa kidole ni mwingi kama upana wa mto kwa asiyejua kuogelea.

Sasa tuangalie mahali penyewe. Aghalabu hodhi huwekwa mwisho wa chumba, kama kitu kilichotiwa katika shubaka kubwa. Nyuma yake pana ukuta, kichwani pana ukuta, na miguuni pana ukuta. Upande wa mbele peke yake ndio ulio wazi. Mahali kama hapa hapapimwi mara moja tu, maana hakuna mwashi ajengaye kuta mbili zilizolingana kabisa toka pembe hata pembe. Yapasa kupima urefu mara tatu: karibu na ukuta wa nyuma, katikati, na mbele. Tena pima katika kimo kile ambacho ukingo wa hodhi utakaa, wala si sakafuni, kwa kuwa ukuta huenda ukaegemea ndani au nje. Katika vipimo vyote shika kilicho kidogo kuliko vyote. Kwangu mimi nyuma palikuwa na milimita 1,684, katikati 1,681, na mbele 1,677. Basi kipimo changu kilikuwa 1,677, na vile vingine havikunifaa kitu.

Utepe wa kupimia hujikunja pembeni ukadanganya. Mzee yule alitumia fito mbili zilizonyoka, kila moja fupi kuliko nafasi yenyewe. Akazilaza pamoja, akazivuta huku na huku mpaka ncha ya moja ikagusa ukuta wa kulia na ncha ya nyingine ukuta wa kushoto, kisha akazifunga kwa kamba. Urefu wa fito zilizofungwa ndio urefu wa nafasi, wala hauna shaka. Ukizichukua mpaka dukani, hutahitaji kumwamini muuzaji. Utaziweka juu ya hodhi na kuona kwa macho yako.

Kisha pima pembe. Kutoka pembeni weka alama kwenye ukuta mmoja mwendo wa milimita 600, na kwenye ukuta wa pili milimita 800. Kama pembe ni ya mraba, toka alama hata alama patakuwa na milimita 1,000 barabara. Zikizidi, pembe imepanuka, zikipungua, imebanwa. Wanafunzi watatambua hapa kanuni inayoitwa kwa jina la Pythagoras, Mgiriki aliyeishi miaka 2,500 hivi iliyopita, ingawa watu wa Babeli walikuwa wakiijua kabla yake: mraba wa upande mrefu ni sawa na miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotuonyesha njia ya kuliingiza hodhi. Watu wengi hudhani kwamba kitu chenye urefu wa milimita 1,700 kitageuka katika chumba chenye upana unaozidi hapo kidogo. Sivyo. Hodhi likilala sakafuni, lenye urefu wa 1,700 na upana wa 700, toka pembe moja hata pembe iliyo mkabala nayo lina milimita 1,838. Basi katika chumba chenye upana wa 1,677 haliwezi kuzungushwa likiwa limelala, hata wakilisukuma watu kumi. Sharti liingie mlangoni limesimama wima au limelazwa ubavu, lisimamishwe ndani ya chumba, ndipo lishushwe ncha moja kabla ya nyingine. Mahodhi mengi yamekonda chini na kupanuka juu, kwa hiyo katika kushuka kinachogombana na kuta ni ukingo wake wa juu tu.

Ukijua haya, pima njia yote kabla ya kununua: mlango wa nje, ukumbi, kona, mlango wa chumba cha kuogea, na beseni la kunawia ambalo huenda likazuia. Hodhi halifiki mahali pake kwa kuruka.

Hapa kuna shauri la namna mbili. La kwanza ni kununua hodhi fupi. Yako mahodhi ya milimita 1,600 na ya 1,500. Nafasi ibakiyo hujazwa kwa kirafu kidogo cha matofali na vigae, nacho kiinamishwe kidogo kuelekea hodhi ili maji yasituame juu yake. Shauri hili ni jema kwa mwenye kuta nyembamba, na kwa mpangaji ambaye hana ruhusa ya kukata ukuta wa mwenye nyumba.

La pili ni kupata nafasi ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta una mifupa na ngozi: mifupa ni mawe au matofali, na ngozi ni lipu na vigae. Lipu ya nyumba yetu ilikuwa na unene wa milimita 15 kila upande. Ukiibandua pande zote mbili unapata milimita 30, na 1,677 huwa 1,707. Hodhi la 1,700 litaingia, na kubaki milimita 7 tu. Hivyo ndivyo tulivyofanya.

Lakini je, lipu ikatwe mpaka wapi? Hapa wanafunzi na wachukue kalamu. Ncha ya kwanza ya hodhi imeingia ndani ya mfuo uliokatwa katika ukuta wa kushoto, ikagusa jiwe. Toka jiwe hilo hata lipu ya ukuta wa kulia pana 1,677 na 15, yaani milimita 1,692. Ncha ya pili iko juu, nayo yashuka. Katika kushuka itagusa lipu ya kulia itakapokuwa imefika umbali wa 1,692. Mraba wa 1,700 ni 2,890,000. Mraba wa 1,692 ni 2,862,864. Toa, unabaki 27,136, na kipeuo chake ni 165 hivi. Maana yake ni kwamba ncha itaanza kugusa ikiwa milimita 165 juu ya mahali itakapotua. Basi lipu ya kulia yapasa kubanduliwa toka chini kidogo ya ukingo mpaka milimita 165 juu yake, na zaidi kidogo kwa ajili ya unene wa ukingo na vidole vya mshushaji. Sisi tulikata 250. Mzee hakufanya hesabu hii. Alipima kwa shubiri moja na kitu. Nilipomwonyesha jibu langu akacheka, akasema, “Mwalimu, shubiri yangu imesoma zamani.”

Kabla ya kukata, angalia kwamba hakuna bomba wala waya wa umeme ndani ya ukuta. Zima umeme wa chumba hicho. Kwanza chora mstari kwa pimamaji, kisha kata ukingo wa lipu kwa tindo kali na nyundo, kidogo kidogo, ili lipu iliyo juu isianguke yote. Wala usiingie ndani ya jiwe bila kufikiri. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinaagiza kwamba mfuo wa kulala usizidi sehemu ya sita ya unene wa ukuta. Ukuta wa milimita 150, kwa mfano, usikatwe zaidi ya 25. Ukuta ndio uchukuao dari, na hodhi si sababu ya kuudhoofisha.

Kuliondoa hodhi la zamani nako kuna hatari zake. Funga maji, fungua mabomba, kisha ukate lipu inayolishika. Mahodhi ya zamani ya chuma cha kusubu aghalabu yana uzito unaozidi kilo 100, na mtu mmoja asithubutu kuliinua. Wengine huyavunja kwa nyundo kubwa; afanyaye hivyo alifunike hodhi kwa blanketi nzito, na afunike macho yake kwa miwani ya kazi, kwa maana rangi yake ya kung'aa huruka vipande vikali kama kioo.

Likiisha kuondoka, tazama sakafu. Hodhi lenye lita 150 za maji lina kilo 150 za maji, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza mtu wa kilo 70, na uzito wa hodhi lenyewe, na mzigo wote huo wasimama juu ya miguu michache. Sakafu ya saruji yaweza kuuchukua. Sakafu ya mbao yapasa kuchunguzwa kwa ncha ya kisu, maana hodhi lililovuja kwa miaka huozesha mbao kwa siri. Mbao zilizooza zitolewe, na chini ya miguu ziwekwe mbao imara zilizokingamana na boriti, ili mzigo ugawanyike.

Sasa hodhi lashuka mahali pake. Weka pimamaji juu ya ukingo, kwa urefu na kwa upana, na uzungushe miguu mpaka ukingo ulingane sawasawa. Usiliinamishe ukidhani kwamba unasaidia maji yatoke. Mteremko wa maji umekwisha kufanywa na kiwanda ndani ya hodhi lenyewe. Kinachopasa kuinama ni bomba la kutolea maji, nalo literemke milimita 20 hivi kwa kila meta moja, au zaidi kidogo. Chini ya tundu huwekwa bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Maji hubaki daima katika pindo lile, yakazuia harufu mbaya isipande chumbani.

Kabla ya kufunga chochote, jaza maji, kisha ung'oe kizibo uyaache yatoke kwa nguvu. Pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo cha bomba. Karatasi ikilowa, kiungo kinavuja. Usiseme, “Ni tone moja tu.” Tone moja lililofichwa nyuma ya ukuta hufanya kazi usiku na mchana, nalo halidai mshahara, baada ya miaka michache ndilo lidailo sakafu nzima. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa neno hilo ni kweli kabisa.

Mwisho ni kuziba. Piga lipu upya, au weka vigae, vishuke mpaka juu ya ukingo wa hodhi. Hapa ndipo nilipoona kwamba taabu yetu ilituletea faida. Hodhi lililogusa ukuta tu huacha ufa nyuma yake. Bali lile ambalo ukingo wake umeingia ndani ya ukuta hupokea kila tone litelemkalo vigaeni, likalirudisha ndani. Ufa mwembamba uliobaki usizibwe kwa saruji, maana saruji haijui kunyumbuka, nayo hupasuka. Tumia silikoni, ambayo hunyumbuka kama mpira. Tena ujaze hodhi maji kabla ya kuipaka. Hodhi tupu limekaa juu. Likijazwa hushuka kidogo, hasa hodhi la plastiki, na ufa hupanuka. Ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga silikoni itavutwa ikabanduka. Ukiziba limejaa, halitapanua ufa tena. Yaache maji siku moja, ndipo uyatoe.

Na ule ubao unaofunika upande wa mbele, uukaze kwa parafujo, usiupige misumari. Ipo siku mtu atahitaji kuufungua ili atazame mabomba, na huenda mtu huyo ukawa wewe.

Kazi yetu ilikwisha kwa siku tatu. Jioni ya siku ya nne mama yangu alikaa katika maji ya moto mpaka tukamgongea mlango, tukidhani amelala. Alipotoka hakuuliza habari za milimita wala za Pythagoras. Alisema tu, “Mwanangu, kwa nini mlikawia?” Nami sikuwa na jibu ila lile la kweli: nilipima kile nilichotaka kukiondoa, nisipime mahali nilipotaka kukiweka.

Basi, wasikilizaji, yashikeni haya. Pimeni ukuta, wala msipime hodhi la zamani peke yake. Katika vipimo vingi shikeni kilicho kidogo. Fikirini njia ya kuingia kabla ya kulipa fedha. Jaribuni maji kabla ya kuziba. Majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Nami sitaki mjukuu huyo azaliwe nyumbani mwenu kama alivyozaliwa mwangu.

Kwa herini.